Siku Soksi Aliporudi

Mtaani hapa ukiuliza anakokaa yule mzee aliyekuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, watu watakukodolea macho. Uliza kwa Mzee Sarakasi, hata mgeni wa wiki moja atakunyooshea kidole. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, na yeye mwenyewe tangu azaliwe hajapinduka hata kitandani bila kuguna. Alilipata kwa ajili ya njiwa.

Na tusielewane vibaya. Sisemi njiwa hawa wanaookota punje sokoni. Njiwa wake walikuwa wa Kituruki, wenye kishungi kisogoni na manyoya mpaka vidoleni, na hapa duniani walikuwa na kazi moja tu: kupanda juu wima na kujibinua kinyumenyume, na kila wakijibinua wanapiga mabawa, pa, pa, pa, hata aliye chini anasikia. Marehemu mkewe alikuwa akisema hajaona viumbe wenye majivuno kama wale, wanacheza wenyewe na kujipigia makofi wenyewe. Akikasirika aliwaita wake wenza. "Mimi nimeolewa mke wa thelathini na mbili," aliwaambia majirani, "na wenzangu wote wanakula kabla yangu." Majirani hoi kwa kicheko. Kesho yake ungemkuta mwanamke huyohuyo amekaa kibarazani na ungo, anawachambulia wake wenza mtama usiwe na mawe.

Aliwapataje? Hapo pana kisa, maana aliwapata akawapoteza, na alichojifunza kwa kuwapoteza ndicho alichoishi nacho miaka arobaini.

Alikuwa na miaka ishirini na minane, gereji yake ni ua mmoja na turubai. Kampuni ya barabara ilikuwa na fundi mitambo Mturuki, mtu mwema sana ila dereva wa kuombewa dua, akaleta pikapu mlango umebonyea kama kopo la maziwa. Kila jioni alipita kuangalia kazi imefika wapi. Jioni moja akamkuta fundi ameweka nyundo chini, kinywa wazi, anatazama juu. Mturuki alikaa mtaa wa pili, na njiwa waliokuwa hewani walikuwa wake. Basi pikapu haikuguswa tena siku ile. Wanaume wawili wazima walikaa juu ya tairi kuukuu wakitazama mbingu mpaka shingo zikawauma, na hakuna aliyekuwa na maneno ya kumwambia mwenziwe zaidi ya "umeona?"

Mkataba wa Mturuki ulipokwisha, ndege hawakuruhusiwa kusafiri naye. Akawagawa, na jozi moja akampa fundi, pamoja na onyo kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Hii baba, hii mama, hapana fungua. Wewe fungua, yeye tafuta mimi. Mtoto yake, ndiyo, mtoto yake ya kwako." Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia sote tunapoambiwa tumalize dozi ya dawa. Akawafungia miezi mitatu. Wakamzoea, wakala kiganjani mwake, dume akawa anamngurumia kwa mapenzi. Akajiambia, hawa sasa ni wangu. Akafungua mlango.

Hawakuangalia nyuma. Walipanda, wakajibinua mara mbili tatu, wakaelekea moja kwa moja nyumba ya kampuni, ambayo ilikuwa imeshatiwa kufuli. Fundi alipofika kule anahema, dume alikuwa kinywani mwa paka. Jike alikuwa ukingoni mwa paa anamngoja mtu ambaye saa ile yuko nchi nyingine anakunywa chai na ndugu zake. Ilimchukua siku mbili kumshusha.

Tangu hapo alijua, na aliwaambia wote waliomfuata katika ugonjwa huu: njiwa mkubwa hahami. Umnunue, upewe, ukamwibe, ni sawa tu, kichwani mwake kwao ni pale alipofumbulia macho. Wewe mweke ndani azae. Watoto wake ndio watakaolijua bati lako.

Na waliomfuata walikuwa wengi. Kutoka jike yule mmoja na dume la kuombaomba alijenga ukoo, na kutoka ukoo ule mji mzima ukapata wafugaji kumi na wawili: mwoka mikate, tarishi wa posta, fundi viatu na wengineo. Kila Jumapili walikusanyika uani kwake kubishana nani ndege wake kajibinua mara ngapi, na penye watu kumi na wawili wanaohesabu kitu kilichoko angani, uongo haukosekani. Ugomvi ulipofika kwenye ndege waliopotea, Mzee Sarakasi akaweka sheria. Ndege aliyepotea njia akashukia kwako, mrudishe. Lakini ndege aliyetolewa na mwenyewe, akafunguliwa kwa uzembe, akarudi alikotoka, huyo si wa aliyepewa tena. Amekwenda. Aliyeshindwa kumtunza asije hata kubisha hodi.

Sheria kali, lakini ilikuwa na faida, maana watu waliacha mchezo. Mwoka mikate iliwahi kumkuta. Alipewa dume zuri la rangi ya majivu, wiki ya tano likamponyoka, likarudi kwa Mzee Sarakasi. Alikuja na unga wake usoni, machozi yanachora njia kwenye unga. Mzee Sarakasi akamwandalia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, dume asimpe. "Sheria haina shemeji," alisema. Mwoka mikate alikunywa ile chai akaondoka.

Sasa huyu Dobi. Dobi ni mama wa makamo mwenye duka la kufua na kupiga pasi, na mara ya kwanza alikuja kwa shari. Duka lake wakati huo lilikuwa mtaa wa nyuma, na mashuka meupe ya nyumba ya wageni yalikuwa kambani pale mmoja wa ndege wa Mzee Sarakasi alipoamua kujisaidia. Mama aliingia uani na shuka mkononi, ameshika ushahidi. "Mzee, shikamoo, na hili ni lako," akasema, akalitandaza. Mzee hakumjibu, kwa sababu jike mmoja alikuwa ndiyo kwanza anapanda. Dobi akainua macho kuona mzee huyu anadharau nini. Jike akajibinua mara saba mfululizo, kama anapanda ngazi isiyoonekana, kila kidato kofi. Shuka likaanguka mchangani. Ilibidi alifue upya, doa na mchanga pamoja.

Jike huyo alikuwa Soksi. Miguu yake ilikuwa na manyoya meupe mengi hata ungedhani kavalishwa, na mwili wake wote mweusi. Dobi alimwomba kwa miaka miwili. Alikuja na sabuni, akaja na maneno matamu, akaja na mumewe kama mshenga. Mzee anacheka tu. "Mama, huyu ni jicho langu. Jicho linaombwa?"

Kisha mzee akaanguka. Ngazi ya chuma ya kupandia kibandani, juu ya paa la stoo, aliichomelea kwa mikono yake mwenyewe, na ngazi haikumkosea. Ni mvua ilikuwa imepita, na umri nao ulikuwa umepita. Nyonga ikavunjika. Mwanawe, dereva wa basi la shule, alilala sakafuni hospitalini siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alisema, "Baba, chagua. Njiwa au miguu."

"Miguu ni miwili tu," mzee akamjibu, "njiwa wako thelathini na mmoja. Piga hesabu."

Mwanawe hakucheka. Alikuwa amemzika mama yake mwaka mmoja kabla, na alikuwa hana nafasi ya msiba mwingine moyoni. Mzee alimtazama usoni, akaona afadhali akubali. Ndege wakagawanywa kwa wafugaji, jozi kwa jozi, na ngazi ikakatwa ikatengenezwa geti. Wa mwisho kutoka alikuwa Soksi. Mzee alimwita Dobi mwenyewe, akamkabidhi mkononi, na hakuchukua kitu, kwa sababu kwa wafugaji wale ndege bora hauzwi. Alimwambia neno lilelile la Mturuki. Dobi akaapa. Muda si mrefu Dobi naye akahamia ng'ambo ya reli, kwenye jengo lenye paa la zege, na kule juu akajenga kibanda kizuri kuliko vibanda vyote vya mjini.

Miezi kumi na mitano ikapita. Nisikudanganye, ilikuwa miezi mibaya. Mzee alipona, akatembea kwa mkongojo, akala vizuri, mkamwana akimpikia kila alichotaka. Lakini asubuhi alitoka uani, akakaa kwenye kiti chake, akainua macho, na juu hakuna kitu. Wenzake waliacha kuja Jumapili. Wangekuja kutazama nini? Miaka ya nyundo ilikuwa imemla masikio, sauti za watu zilimfikia nusunusu, na polepole akaacha kujitaabisha kuzisikiliza. Mwanawe alimnunulia redio. Aliiweka magotini imezimwa, kwa adabu.

Jumatano moja, saa kumi jioni, alisikia pa.

Akadhani ni redio ya jirani. Ikaja ya pili, pa, na ya tatu. Alipoinua kichwa alimwona ndege mweusi juu ya stoo, anapanda wima, anajibinua, miguu meupe inageuka juu na kushuka. Mara nne. Kwa uzito, kwa shida, kama mtu aliyesahau ngoma. Kisha akatua juu ya bati, mbele ya kibanda kitupu, akaingiza kichwa kwenye mlango wazi, akakitoa.

Mzee Sarakasi alilia palepale kitini. Hakujificha, alilia kama mtoto. Alipomaliza akajikaza kisabuni, akaingia jikoni, na kwa kuwa mtama nyumbani haukuwepo tena akachota mchele kwenye kopo la bati. Akasimama chini ya stoo akalitikisa. Soksi akamwinamia kwa jicho moja, akamwinamia kwa jicho la pili, akazunguka kibanda mara mbili akitafuta wenziwe. Karibu saa nzima mzee alisimama kwa mkongojo mmoja na kopo moja, nyonga inamwaka moto. Saa kumi na moja ndege akashuka begani mwake.

Akamshika kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya mgongo, kama alivyowashika ndege elfu moja kabla yake. Moyo wa Soksi ulikuwa unakimbia kwenye kiganja chake. Kwa mazoea tu, bila hata kuwaza, akapeleka kidole kooni kupima kama amekula.

Palikuwa pamejaa, lakini si punje. Punje unazihesabu kwa kidole, zinakwaruzana. Hiki kilikuwa kitu kizito na laini, kimefura pande zote mbili za koo. Kila mfugaji anakijua. Njiwa hana matiti, lakini hunyonyesha: siku za kwanza, dume na jike hutengeneza uji mweupe kooni, makinda hutumbukiza midomo humo, na pasipo uji huo hawali kitu kingine. Soksi alikuwa ananyonyesha. Ng'ambo ya reli, katika kibanda kizuri kuliko vyote, palikuwa na makinda ya siku nne au tano, yasiyo na manyoya.

Na alijua zaidi ya hapo. Dume hulalia watoto mchana. Ikifika alasiri humwachia jike, na jike ndiye hulalia mpaka asubuhi. Dume hatarudi kiotani usiku hata umsihi, ndivyo alivyoumbwa. Makinda matupu usiku kucha bila mama ni hesabu rahisi.

Mzee alijua yote hayo, amesimama uani, jua bado lipo. Wakati ulikuwepo. Na hapa ndipo nisipompenda, ingawa nampenda.

Alijiambia Dobi anaijua sheria. Alijiambia dume la Soksi ni jasiri, huenda akalalia. Akajiambia watu wa kufua wana joto jingi, watapata njia. Alitafuta tenga kuukuu stoo, akalipangusa utando wa buibui, akamtia Soksi humo na kumwekea maji. Dobi hatabisha hodi, hilo alikuwa na hakika nalo, kwa kuwa mwenyewe aliwafundisha wasibishe. Ndege ni wake. Hakuna mtu katika mji mzima angeweza kusema vinginevyo.

Mwanawe aliporudi na basi alilikuta tenga kitandani kwa baba yake. Akachutama akatazama.

"Huyu si Soksi?"

"Amerudi mwenyewe."

Mzee akajitayarisha kwa vita, lakini mwanawe alikuwa anamtazama yeye usoni, si ndege. Kwa miezi kumi na mitano hakuwa ameuona uso ule.

"Basi ni wako, baba," akasema. "Mmoja, ndani, bila ngazi. Mimi sina neno." Akaenda akamletea mtama alioutafuta maduka matatu.

Angemwambia pale. Neno lilikuja mpaka ulimini: ana makinda. Akalimeza, akasema, "Asante, mwanangu."

Soksi hakugusa mtama. Hakulala pia, alizunguka ndani ya tenga, na kila mzee alipogeuka kitandani alizisikia kucha zake kwenye fito, yeye ambaye hakusikia hata adhana wala kengele. Kulipopambazuka akamtoa. Koo lilikuwa limefura mara mbili ya jana, la moto, na uji unamchuruzika pembeni mwa mdomo. Mzee akavaa koti lake, akamweka ndege ndani kifuani, akafunga vifungo mpaka juu, akatoka bila kumuaga mtu.

Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye nyonga. Yeye alitumia saa nzima na nusu. Relini alipumzika mara mbili juu ya mataruma, koti limelowa mbele.

Duka la Dobi lilikuwa limejaa mvuke na harufu ya wanga. Mumewe Dobi, mtu mpole mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, alikuwa kwenye meza ya kwanza anakunja mashuka. Alipomwona mzee mlangoni akaliacha shuka.

"Mzee, kosa ni langu," akaanza, hata salamu hakutoa. "Nilifungua mlango nifagie. Nikamwona amekaa kwenye kamba ya kuanikia nguo, katulia, nikasema mama huyu naye apate jua kidogo, kalalia siku nyingi. Shuka likapigwa na upepo, akashtuka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba sikuifunga. Mke wangu hajaniambia neno tangu jana."

Dobi alikuwa nyuma, kwenye meza ya pili. Macho mekundu. Mbele yake palikuwa na pasi mbili, taulo, na beseni dogo lenye majani ya kiota ndani yake. Hakuinuka. Aliweka pasi juu ya taulo, akahesabu midomo ikicheza, akaitoa, akalipima taulo shavuni, akalikunja ndani ya beseni na kutoa lile lililopoa. Halafu akashika lililopoa akalipiga pasi. Alikuwa akifanya hivyo tangu magharibi.

"Nimemleta mama yao," mzee akasema.

Dobi akainua macho. Mzee akafungua vifungo. Soksi alipoliona beseni hakungoja kushikwa. Alitoka kifuani akaruka juu ya meza, akapita kati ya pasi, akaingia. Kinda moja likainua shingo nyembamba inayotetema, macho bado yamefumba, likapapasa hewani mpaka likaupata mdomo. Akaanza kulilisha. Mwili wake wote ulikuwa unasukuma.

Moja tu. Mzee alitafuta la pili kwa macho. Lilikuwa pembeni mwa meza, limefunikwa kwa leso.

"Alfajiri," Dobi akasema. "Nilidhani limelala."

Hakuna ambaye angejua. Angeweza kusema ndege alimfikia asubuhi, wakamshukuru, wakamkalisha kwenye kiti kizuri, mume akatoka kuleta chai. Mzee Sarakasi alikuwa amesema uongo mdogomdogo wa Jumapili maisha yake yote.

"Alinifikia jana," akasema. "Saa kumi na moja nilikuwa nimemshika. Nilimgusa koo. Nilijua."

Mume akatazama sakafu. Dobi hakulia wala hakupaza sauti. Aliendelea kulipiga pasi lile taulo ambalo halikuhitajika tena.

"Saa kumi na moja jana," akasema, "wote wawili walikuwa hai."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua na ukakaa."

"Nilikaa. Nilimtaka. Sina kitu kingine, mama, huo ndio ukweli, na sikuletei kama udhuru. Nilimtaka kuliko nilivyowahurumia."

Pasi ikasimama. Kisha Dobi akaichomoa pasi kwenye umeme, ya kwanza na ya pili, akaketi. Inaelekea ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi tangu jana. Akasukuma kiti kingine kwa mguu, na mzee akakaa, kwa sababu nyonga ilikuwa haimsikilizi tena. Wakakaa wakiliangalia beseni.

"Kwa sheria ni wako," Dobi akasema. "Ningekuja jana ileile. Nilifika mpaka relini, nikakumbuka mwoka mikate, nikarudi. Nikasema mzee atanipa chai."

Hilo lilimwingia mzee kuliko yote aliyoambiwa asubuhi ile.

"Haifai ile sheria," akasema. "Jumapili nitawaambia. Nitaanza na mwoka mikate, kama atakubali nimfungulie kinywa."

"Jumapili zipo bado?"

"Hazipo. Nitakwenda mlango kwa mlango."

Kinda lilikuwa limeshiba, koo lake dogo limevimba kuliko kichwa. Soksi akajipandisha juu yake, akatandaza manyoya, akafumba macho. Mzee alimtazama mpaka akatosheka, kisha akaona kwamba hatatosheka, akageukia upande wa Dobi.

"Lete uzi," akasema. "Wa pamba, laini. Mfunge manyoya makubwa ya bawa moja tu, hayo saba ya mbele, usikaze. Hataumia. Atatembea, atalalia, ila hataruka."

"Mzee, huyu hata mlango sitaufungua tena. Kufuli naweka mimi mwenyewe."

"Mfunge."

"Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kumfunga ndege."

"Mama, nisikilize. Leo nimemleta. Nikimwona mara ya pili juu ya bati langu, sitamleta. Najijua sasa. Mfunge."

Dobi akamtazama. Akavuta droo ya vifungo na sindano, akatoa kijiti cha uzi mweupe, akakata kipande kwa meno. Mzee Sarakasi akaingiza mikono ndani ya beseni, akalinyanyua bawa la Soksi, akalikunjua lote, akamshikilia mpaka Dobi alipokaza fundo la mwisho.